Sura ya Saba: Mstari Ambao Ismaël Hakuufuta

Inspekta Micheline Sikujua alibakiwa na saa nne tu, na mwanamume aliyekaa mbele yake alikuwa akizitafuna kwa maneno matamu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kamili asubuhi. Saa sita mchana muda wa kumshikilia Lydie, msichana aliyeandika abiria wa boti lililozama, ungekwisha, na sheria haina mchezo hapo: ama mtu aachiwe, ama apelekwe parquet, kwa mwendesha mashtaka, na faili lake. Kamanda alikwisha kuamua kwamba apelekwe. Na mtu akishapokelewa parquet na kesi ya watu waliokufa maji, nyumbani kwao watafua nguo zake na kuzikunja mara nyingi kabla hajarudi kuzivaa. Sikujua alilijua hilo, na halikumpendeza hata kidogo, kwa sababu alikuwa hajasadiki bado kwamba Lydie ndiye aliyekosa.

Sikujua, ndiyo. Ndilo jina alilopewa na baba yake kule Kasongo, na wezi wote wa Kisangani walikuwa wamekwisha kuchoka kulitania.

"Tuanze procès-verbal," alisema, akavuta karatasi ya maelezo. "Jina, kazi, makao, numéro ya simu."

Mwanamume alijivuta kitini. Alikuwa Patron Nicolas, mwenye *Elikya 2*, boti kubwa la mbao la aina ile ambayo watu wa mto huiita baleinière. Lilikuwa limeondoka Kisangani Alhamisi iliyopita kwenda Isangi na Barumbu, likazama jioni ileile kabla tu ya kufika Yanonge. Nicolas alitaja jina lake lote, kazi yake yote, kisha akaimba namba ya simu kwa madaha. "Inamalizikia saba, saba, saba. Hata mutoto anaishika."

"Bon. Alhamisi ulikuwa wapi?"

"Kwa libongo, pale pa kupandia, mpaka boti inaondoka. Halafu nikarudi nyumba. Mi sisafiri tena, Mama Inspekta. Mugongo."

"Uliona abiria wangapi?"

"Mi sihesabu batu na macho. Siku hizi iko système. Lydie wa projet anaandika kila mutu kwa simu yake pale kwa libongo, na chiffre inaingia kwa simu yangu. Ilisema arobaini na moja. Ruhusa yangu iko ya arobaini na tano. Alors? Mi nilifuata chiffre."

"Waliookolewa peke yao ni hamsini na wanane."

Nicolas akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeingojea sentensi hiyo toka asubuhi. "Voilà! Ni hiyo ninasema kila siku! Lydie alipandisha bandugu yake bila kuwaandika. Wale wa zaidi mi siwajui. Sikuwaona, sikuambiwa kitu."

"Hata mmoja?"

"Hata mumoja. Andika hivyo."

Sikujua akaandika hivyo. Nicolas akatia sahihi kubwa yenye mikia miwili, akasema atangoja hapahapa kwenye veranda, maana alitaka kumwona Lydie akipanda gari la parquet kwa macho yake mwenyewe. Sikujua akamwambia veranda ni ya watu wote.

Kwenye veranda hiyo, kwenye benchi, alikaa mwanamke aliyevaa kitenge kilekile toka Jumamosi. Huyo ni Berthe, mchuuzi wa samaki wa Yanonge. Alikuwamo ndani ya *Elikya 2* na kaka yake Emile. Berthe alivutwa majini na wavuvi. Emile hakuonekana.

"Mama Berthe, niambie tena. Nani aliandikwa kwanza?"

"Yaya Emile. Iko mukubwa. Halafu mi. Lydie alituandika wote wawili mbele ya macho yangu." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kurudia. "Jina yangu iko kwa orodha. Yake haiko. Wakasema, 'Mama, kaka yako hakupanda.' Hakupanda namna gani? Mi nilikaa naye bega kwa bega, nikamukatia kwanga ya muhogo! Pirogi za wavuvi zilitafuta mpaka jumapili, wakaacha. Wanasema hawajui kama iko mutu anabaki wa kutafuta."

"Simu zenu ziko wapi?"

"Simu iko moja tu kwetu. Ilibaki ndani ya maji."

Sikujua akamshika bega, hakumwahidi kitu. Alishuka ngazi kwenda nyuma, kwenye cachot, chumba cha mahabusu.

Lydie alikuwa amesimama karibu na nondo za dirisha, miguu mitupu. Viatu na mkanda huchukuliwa pale mapokezi, hiyo ndiyo desturi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa miezi mitano alifanya kazi na mradi mmoja mdogo uitwao Safari Salama, uliojitolea kuandika majina ya abiria wa mto ili boti likizama watu wajulikane. Shukrani yake ndiyo hiyo cachot.

"Niliwaandika wote," alisema kabla hajaulizwa. "Sabini na watatu."

"Unajuaje? Wewe unaona hesabu?"

"Hapana. Mi nikibonyeza, simu inaniambia 'Imepokelewa', basi. Abiria anapata message ya 'Karibu' kwa numéro yake, na jina yake ndani. Chiffre inaenda kwa mwenye boti. Mi sioni."

"Sasa sabini na watatu umeitoa wapi?"

Lydie aliinamisha macho kama anayeona haya. "Kwa kamba. Mama yangu alikuwa anauza samaki, alihesabu mafungu hivyo. Batu kumi, ninafunga fundo moja. Wanaobaki, ninafunga ndogondogo. Projet ilitukataza makaratasi, donc mi niko na kamba yangu kwa mukono."

"Iko wapi?"

"Waliitoa na mukanda."

Sikujua alipanda tena ngazi mbili-mbili, akadai bahasha ya vitu vya mfungwa. Ndani mlikuwa na mkanda, rozari, funguo mbili, na kipande cha kamba ya nailoni ya buluu. Mafundo makubwa saba. Kisha madogo matatu. Askari wa mapokezi, aliyekuwa akinywa chai, alimtazama Inspekta akihesabu mafundo, akameza cheko lake pamoja na chai.

Acheke tu. Kwa Sikujua kamba ile ilitosha kumaliza shaka. Lakini kwa parquet kamba ni kamba. Alirudi dirishani na swali moja.

"Na abiria asiye na simu?"

"Nafasi ya numéro haikubali kubaki tupu. Système inakataa. Anaazima ya ndugu."

Haya. Majina sabini na matatu yaliingia, arobaini na moja yakatokea. Thelathini na mawili yalipotelea njiani, na njia yenyewe ilijengwa na mtu mmoja. Sikujua akapanda toleka, akamwambia mwendesha baiskeli akanyage kama anakimbia mvua.

*

Ismaël, aliyeijenga système hiyo, alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko kuu: meza, kompyuta mbili, betri ya gari chini ya meza kwa siku zisizo na umeme, na sahani ya mikate ambayo hakuna aliyeigusa. Alikuwa mwalimu wa informatique, masomo ya kompyuta, mtu wa Maniema kama Inspekta mwenyewe, mwembamba, mwenye tabia ya kufuta miwani yake hata ikiwa safi. Leo aliifuta mara tatu kabla ya salamu kwisha.

"Mwalimu Ismaël, nani anaweza kufuta jina kwenye orodha?"

"Mi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna. Ufunguo iko moja. Mi peke yangu, Inspekta."

Mtu mwenye hatia hajibu hivyo, au basi ni mjanja wa kupindukia. Sikujua akavuta kiti karibu, magoti yao yakakaribia kugusana. "Na ulifuta?"

Badala ya kuapa, Ismaël aligeuza kompyuta. Kila jina linalofutwa huacha alama, alisema, na alama hizo hata yeye hawezi kuziondoa. Alifungua ukurasa wa alama za Alhamisi iliyopita. Ukurasa mtupu. Ijumaa, mtupu. Mpaka leo, mtupu.

"Hakuna aliyefuta," alisema taratibu, naye alionekana kuumia. "Donc Lydie hakuandika. Mi pia sitaki iwe hivyo, lakini machine haina kaka wala dada."

Njia hiyo ikafungwa. Sikujua alikuwa ameijia kwa matumaini yote: mwenye ufunguo, hila, jina moja la kuandika chini ya karatasi. Saa ilikuwa tatu na dakika tano.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini?"

"Hii kitu. Toka mwanzo, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Nitatengeneza yangu kwa mikono yangu. Mi siandiki kwenye procès-verbal kitu ambacho sikielewi."

"Inspekta, wanafunzi wangu wanachukua wiki mbili!"

"Wanafunzi wako hawana mtu cachot."

Ismaël akafuta miwani, akasogeza kompyuta ya pili mbele yake.

"Unajua quado pale kwa rond-point?" alianza. "Yule wa kuziba pneu za baiskeli. Anasinzia chini ya mwavuli. Unamwamsha, anaziba, anarudi kusinzia. Fonction yetu, ile programu ndogo ya orodha, iko vile. Zamani ulipaswa kuwa na machine inayowaka mchana na usiku kungoja batu. Mi sina machine kama hiyo, wala umeme wake. Donc fonction inalala huko mbali, kwenye mashine za wenyewe, mahali tunaita wingu. Lydie anabonyeza, inaamka, inafanya kazi moja, inalala tena."

"Kazi gani?"

"Inapokea jina, inaweka kwenye jedwali, inahesabu jedwali, inatuma message. Basi."

"Na tunaitengeneza na nini?"

"Na kit." Alibonyeza, na mistari ikaanza kuporomoka kwenye kioo. "Waliotengeneza wingu wametengeneza pia sanduku la vyombo. Unaliweka kwa machine yako, unalipa ufunguo wako, halafu hapahapa Kisangani unaandika, na kit inapeleka kule."

Sanduku likachukua dakika kumi na mbili kuingia, maana mtandao ulikuwa ukikohoa. Sikujua alizihesabu dakika hizo kwa kugonga kalamu mezani. Kisha umeme ukaondoka. Ismaël aliingia chini ya meza, akaunga nyaya za betri, akatoka na utando wa buibui kichwani.

"Andika," alisema.

Inspekta akaandika kwa vidole viwili. Faili moja fupi, mistari minne. Wa kwanza ulisema: andika kwenye jurnali, daftari la kumbukumbu, kila ulichopokea. Wa pili ulichukua jina. Wa tatu ulitengeneza salamu. Wa nne uliirudisha. Mara mbili alikosea nafasi mwanzoni mwa mstari na kit ikamkemea kwa herufi nyekundu. Mara mbili akasahihisha bila kuomba msaada. Kisha Ismaël akamwonyesha amri ya kupeleka, naye akaibonyeza mwenyewe.

"Sasa iamushe."

Akaandika jina lake, akabonyeza. Kioo kikanyamaza kidogo, kisha kikajibu: *Mbote, Micheline.*

Asingekubali kusema hivyo mbele ya kamanda, lakini alifurahi. Kitu alichokiandika hapa, kwenye chumba chenye harufu ya mikate iliyopoa, kilikuwa kimeamka mahali asipopajua na kumwita kwa jina.

"Jurnali iko wapi?"

Ismaël akaifungua. Kila mwito una mstari wake: saa, dakika, na kile kilichopokelewa. Jina lake lilikuwapo. "Ule mustari wa kwanza ndiyo unaandika hapa," alieleza. "Iko ya kujifunzia tu, ili uone ndani. Ukiisha kuelewa, unaitoa."

Sikujua alisikia, lakini akili yake ilikuwa kwenye jedwali. Saa tatu na dakika arobaini. "Somo la pili. Tuweke watu."

Wakaongeza jedwali, sawa na la Safari Salama: jina, umri, mahali aendako, namba ya simu. "Andika batu wawili wa uwongo," Ismaël alisema.

Sikujua hakuwa mtu wa kuandika uwongo, hata wa kujifunzia. Aliandika wa kweli. Wa kwanza mama yake: Aziza, miaka sabini na mmoja. Namba ya simu? Mama yake hakuwa na simu. Alikaa naye mtaani Kabondo, na ndugu wote wa Kasongo wakimtaka bibi hupiga kwa Micheline. Akaandika namba yake mwenyewe. *Imepokelewa.* Kisha akajiandika yeye: Micheline, arobaini na sita, namba ileile. *Imepokelewa.*

"Tuone jedwali."

Jedwali likafunguka. Mtu mmoja. Micheline, arobaini na sita.

Sikujua akakisogelea kioo. Akakipangusa kwa kiganja, kana kwamba tatizo ni vumbi. "Ismaël. Mama yangu iko wapi?"

Ismaël alikuwa akipandisha na kushusha jedwali.

"Nimeuliza. Mama yangu iko wapi?"

"Umemufunika," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Jedwali linataka kila mutu awe na alama yake, isiyofanana na ya mwingine. Kwenye mufano niliokopi, alama ilikuwa numéro ya simu. Ukija na numéro ileile, jedwali linafikiri ni mutu yuleyule amerudi kusahihisha jina. Linaandika juu yake."

"Na huo mfano uliandikwa na nani?"

"Batu ya mbali. Kwao hata mutoto wa shule iko na simu yake." Alivua miwani, safari hii hakuifuta. "Inspekta, mi nimezaliwa kwenye nyumba ya batu kumi na simu moja. Baba alikuwa anaiweka juu ya kabati. Namna gani sikuwaza hiyo? Namna gani?"

Machozi yalimlenga. Sikujua hakuwa na nafasi ya kumbembeleza, ingawa alimwonea huruma kwelikweli. Berthe na Emile. Kaka kwanza, dada halafu, simu moja. Dada alimfunika kaka yake, na ofisi nzima ikamwambia kwamba kaka hakupanda. Ee Mungu wangu.

"Waliofunikwa wanaweza kufunuliwa?"

"Hapana. Jedwali halikumbuki."

"Na jurnali?"

"Jurnali inasema tu fonction iliamka saa fulani. Majina hayaandikwi mule, isipokuwa kama…"

"Isipokuwa kama uliacha ule mstari wa kwanza," Sikujua akamalizia. "Ule wa kujifunzia. Andika kila ulichopokea. Kwenye fonction ya Safari Salama, ulitoa?"

"Wanafunzi wangu ninawapunguzia alama kwa hiyo."

"Ismaël! Ulitoa?"

Akafungua faili. Wakainama wote wawili. Mstari wa kwanza kabisa, mvivu, umekaa palepale alipouacha miezi mitano iliyopita. Ismaël aliona haya mpaka masikioni. Inspekta alimpiga bega kwa furaha, mikate ikaruka.

"Jurnali inakaa siku ngapi?"

"Saba. Saa kwa saa. Kilichoandikwa alhamisi saa ine, leo saa ine kinajifuta."

Wote walitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini na nane, na Lydie, kwa maelezo yake, alianza kuandika abiria saa nne na dakika kumi.

Ismaël akabonyeza. Mtandao ukakohoa, ukakata. Sikujua akatoa simu yake, akaiwasha itoe mtandao, akaiinua juu kwenye dirisha ambako alama zilikuwa tatu badala ya moja. Alisimama hivyo, mkono juu, bega likiwaka moto, wakati Ismaël akivuta mistari. Kumi. Ishirini na mmoja. Ikasimama. Sikujua akapanda juu ya kiti. Ikaendelea. Saa nne na dakika nane, Ismaël akasema, "Imeingia yote," na Inspekta akashuka kitini, mkono wake umekufa ganzi.

"Hesabu."

"Nimehesabu. Sabini na tatu."

Mafundo saba makubwa, matatu madogo. Sikujua alicheka kwa sauti.

Lakini mpelelezi akipata alichokitaka hukitazama mara ya pili, na Sikujua alisema, "Wapange kwa numéro. Nataka kuona nani alifunikwa na nani."

Wakajitokeza kwa mafungu. Wawili kwa namba moja, watatu kwa namba moja: mume na mke, bibi na wajukuu, Emile na Berthe. Nyumba za kawaida za mtoni. Hao, waliofunikwa na ndugu zao wenyewe, walikuwa kumi na watatu. Kisha fungu la mwisho likashuka, likashuka, likaendelea kushuka.

"Hii ni familia gani?" Ismaël aliuliza. "Batu ishirini?"

Sikujua akasoma majina. Watu wa Opala, wa Yahuma, wa Isangi. Hakuna wawili waliofanana ukoo. Na wote ishirini waliandikwa mwisho, mmoja baada ya mwingine, wakati hesabu ilikuwa imefika arobaini. Akaitazama namba. Akaitazama mpaka mwisho wake, tarakimu tatu zinazofanana.

"Nakala tatu," alisema. "Utie sahihi kila ukurasa. Na hiyo mikate nipe mmoja, sijala toka jana."

*

Saa tano na nusu Patron Nicolas aliitwa tena ndani. Kamanda alikuwa amekaa pembeni, mikono kifuani, akiwa amekwisha kusoma nakala yake mara mbili. Gari la parquet lilikuwa uani, mlango wazi.

"Dakika mbili tu," Sikujua alisema. "Ni kuhakikisha maandishi. Asubuhi ulisema wale wa zaidi hukuwajua, hawakuandikwa, hukuambiwa."

"Na ninarudilia."

"Uliona hesabu kwenye simu yako ikipanda."

"Ndiyo. Arobaini na moja."

"Ilipofika arobaini ulikuwa bado na watu ishirini kwenye libongo. Ruhusa ni arobaini na tano. Ulifanya nini?"

"Lydie ndiye alifanya…"

"Lydie aliwaandika. Wote sabini na watatu." Akamsogezea karatasi. "Safari zako za nyuma uliona kitu, Patron. Familia inapanda watu watano, hesabu inapanda mmoja. Hukumwambia mtu. Ukaweka akiba. Alhamisi, watu ishirini wasiofahamiana walimpa Lydie namba moja ya simu. Nani aliwapa?"

Nicolas alitazama karatasi bila kuishika. "Kwa libongo kila mutu anajipangia. Mi siijui numéro hiyo."

Sikujua akafungua faili, ukurasa wa kwanza wa asubuhi. Jina, kazi, makao, numéro ya simu. Akauweka kando ya orodha, akageuza vyote viwili vimwelekee, na sahihi yenye mikia miwili ikionekana chini.

Kamanda akainuka kitini kidogo.

"Niliwasaidia," Nicolas alisema. "Batu masikini, hawana simu. Ni vibaya kusaidia?"

"Si vibaya. Toa simu yako."

"Kwa nini?"

"Kila anayeandikwa, message ya 'Karibu' inakwenda kwa namba aliyotoa, na jina lake ndani. Simu za abiria zililala mtoni. Yako ilikuwa hapa mjini, kavu, mfukoni." Inspekta alipandisha sauti, kwa kuwa alikuwa na hasira na alitaka ijulikane. "Siku saba, Nicolas. Toka Jumamosi mama wa watu wanakaa kwenye benchi hapo nje wanaambiwa ndugu zao hawakupanda. Pirogi ziliachwa kutafuta. Na wewe ulipita mbele yao na majina ishirini mfukoni."

Nicolas hakuitoa simu. Kamanda mwenyewe ndiye aliyeitoa. Alisoma ujumbe wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaacha kusoma. Kisha akaenda mlangoni na kumwambia dereva asubiri, mtu wa kupeleka amebadilika.

"Sabini na watatu, waliookoka hamsini na wanane," alisema akiwa ameipa ofisi mgongo. "Kumi na watano wako mtoni bado. Nani ana namba ya mkuu wa wavuvi wa Yanonge? Pirogi zirudi majini leo hii."

Walimfungulia Lydie saa sita kasoro dakika kumi. Askari wa mapokezi alimletea bahasha yake; alichukua kamba ya buluu, akaacha viatu. Akamwomba Inspekta orodha.

Kwenye veranda watu walikuwa wamekwisha kusikia, hujui namna gani, na benchi moja lilikuwa limegeuka umati. Lydie alisimama mbele yao, miguu mitupu, akaanza kusoma juu kabisa, kwa utaratibu uleule alioandika siku ile. Jina la kwanza. La pili. Sauti yake ilikuwa dhaifu mwanzoni, watu wakamsogelea.

"Emile, miaka hamsini na miwili, Yanonge."

Berthe aliinuka kwenye benchi. Alimtazama Lydie, akamtazama Inspekta, kisha akawageukia wote waliokuwapo, askari na kamanda na dereva wa gari.

"Alipanda," alisema.

"Ndiyo, mama," Lydie akamjibu. "Alipanda. Mi ndiye nilimuandika."